Jiwe la Figo: Kuyavuka Maumivu na Kujua Kinachokusubiri Hospitali

Maumivu ya jiwe la figo huja bila kupiga hodi. Huanzia ubavuni, chini kidogo ya mbavu za nyuma, huzunguka kuja mbele, kisha huteremka hadi kinenani. Kwa mwanamume huweza kushuka mpaka kwenye korodani, na kwa mwanamke mpaka kwenye midomo ya uke. Huja kwa vipindi: hupanda, hukaa dakika 20 hadi 60, hushuka, halafu hupanda tena. Kinachowatambulisha wagonjwa wengi ni kutotulia. Mtu ambaye kidole tumbo chake kimepasuka hulala kimya akiogopa hata kukohoa, lakini mwenye jiwe hugaagaa, huinuka, huchutama, hutembea huku na huko akitafuta mkao ambao haupo.

Kabla ya hatua yoyote, lishike hili: ukali wa maumivu hauonyeshi ukubwa wa hatari. Jiwe la milimita 3 linaweza kukutoa machozi, likapita, lisiache dhara lolote. Jiwe la sentimita 3 linaweza kukaa ndani ya figo miaka mingi bila kuuma, huku figo yenyewe inaharibika taratibu. Na maumivu yakikatika ghafla, si lazima jiwe liwe limetoka. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini nitakuelekeza kwenye vipimo vingine: joto la mwili, mkojo, picha na tarehe.

Hatua ya 1: Kagua dalili za hatari kabla ya kumeza chochote

Dakika mbili zinatosha. Pima joto la mwili kwanza, kwa sababu dawa nyingi za maumivu hushusha homa pia, na ukishazimeza unaweza kuificha dalili muhimu kuliko zote. Kumbuka mara ya mwisho ulipokojoa. Kisha angalia kama lipo hata moja kati ya haya:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi ya kutetemesha, pamoja na maumivu ya ubavu;
- mkojo umekatika kabisa au unatoka matone tu;
- una figo moja tu inayofanya kazi, umepandikizwa figo, au tayari una ugonjwa wa figo;
- una mimba, au inawezekana unayo;
- unatapika kila unachokunywa, dawa zikiwemo;
- umeshameza dawa na baada ya saa moja maumivu hayajalegea hata kidogo;
- umepita miaka 60 na hujawahi kupata maumivu ya namna hii.

Likiwepo moja, nenda hospitali sasa hivi, usiku huo huo. Usisubiri kupambazuke.

La homa nalisisitiza. Jiwe likiziba njia ya mkojo na vijidudu vikiwa nyuma yake, figo hugeuka mfuko wa usaha wenye shinikizo, na vijidudu hivyo huingia kwenye damu kwa saa chache. Antibayotiki peke yake haitoshi hapo, maana dawa haifiki inavyotakiwa ndani ya figo iliyoziba. Lazima mkojo ufunguliwe njia, ama kwa kupitisha mrija laini kutokea kwenye kibofu, ama kwa kupitisha mrija mgongoni moja kwa moja hadi kwenye figo. Jiwe lenyewe huachwa kwanza na kushughulikiwa baadaye, uambukizo ukishaisha. Wapo ndugu wa mgonjwa wanaokasirika kusikia kwamba ndugu yao ameingizwa chumba cha upasuaji na jiwe halikutolewa. Madaktari hawakuzembea, maana kulivunja jiwe ndani ya figo yenye usaha ni kuusukuma usaha ule kwenye damu.

Suala la umri nalo lina sababu. Mshipa mkuu wa damu wa tumboni ukituna na kuanza kuvuja, maumivu yake hufanana sana na ya jiwe, na huo ni ugonjwa unaoua haraka. Vivyo hivyo mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na korodani iliyojisokota kwa kijana wa kiume, ambayo inatakiwa kufunguliwa ndani ya takriban saa 6 ili isife. Kijana akisema kinena kinamuuma, korodani ikaguliwe. Aibu iwekwe pembeni.

Hatua ya 2: Tuliza maumivu kwa dawa sahihi

Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo kwa kawaida haliumi. Huuma linapoingia kwenye ureta, yaani mrija unaoteremsha mkojo kutoka figoni hadi kwenye kibofu, ambao upana wake wa ndani ni kama milimita 3 hadi 4 tu. Mkojo unazuiwa, shinikizo linapanda, figo inajaa na utando unaoizunguka unavutwa. Mwili hujibu kwa kumwaga kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huongeza mkojo unaotengenezwa na figo hiyo hiyo iliyoziba, na misuli ya ureta hukaza ikijaribu kulisukuma jiwe. Yaani juhudi ya mwili kujisaidia ndiyo inayoongeza mateso.

Ndiyo maana dawa zinazozuia prostaglandini, kama diklofenaki na ibuprofeni, hutangulizwa mbele ya mofini. Hazifuniki maumivu tu, hushusha shinikizo lenyewe. Mtu mzima akiwa nyumbani anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula kidogo, na kurudia baada ya saa 6 hadi 8. Hospitalini mara nyingi hupewa diklofenaki ya sindano, au ya kuweka njia ya haja kubwa kwa anayetapika.

Dawa hizi si za kila mtu. Usizitumie kama una ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa moyo, mimba, pumu inayochochewa na aspirini, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usizitumie pia kama umeishiwa maji mwilini kwa kutapika sana au kuharisha. Kwa watu hao parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo: gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kwa mwenye ini dhaifu au uzito mdogo. Hospitalini parasetamoli ya kupitia mshipa hufanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mofini na ndugu zake hubaki kwa ambaye hayo yote yameshindikana.

Dawa za kulegeza misuli ya tumbo bado zinatolewa sana kwa mazoea. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliotoka mwaka 2019, unasema zisitolewe kwa maumivu haya. Ukiandikiwa peke yake bila dawa halisi ya maumivu, uliza kwa nini.

Joto husaidia. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa taulo, iweke ubavuni unapouma. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, kwa sababu mtu mwenye maumivu makali hatambui kuwa anaungua. Wengine hupata nafuu kwenye maji ya kuoga yenye uvuguvugu, wengine kwa kutembea. Fanya kinachokupa nafuu, hakuna mkao ulio bora kuliko mwingine.

Sasa ushauri utakaoupata kwa kila jirani: kunywa maji mengi ulisukume jiwe. Wakati maumivu yamepamba moto, usifanye hivyo. Njia imeziba, ukimimina lita mbili kwa mkupuo, mkojo unaongezeka nyuma ya kizuizi, figo inavimba zaidi, na kama una kichefuchefu utayatapika yote. Hakuna ushahidi kwamba kujimwagia maji, kwa kinywa au kwa dripu, kunalitoa jiwe mapema. Kunywa kwa kiu yako, kidogo kidogo. Maji mengi yana siku yake, na siku hiyo nitaifikia.

Hatua ya 3: Fanya vipimo, na utoke na majibu manne

Hata kama maumivu yametulia nyumbani, nenda upimwe ndani ya siku moja au mbili. Utapimwa mkojo kutafuta damu na dalili za uambukizo, na damu kuangalia utendaji wa figo. Damu kwenye mkojo ni ya kawaida kwa mwenye jiwe, lakini wapo wachache ambao mkojo wao ni safi na jiwe lipo. Mwanamke katika umri wa kuzaa hupimwa mimba kabla ya picha yoyote ya mionzi.

Picha inayoonyesha jiwe vizuri kuliko zote ni CT skani ya tumbo isiyotumia dawa ya mshipani. Huonyesha karibu kila aina ya jiwe, saizi yake, na mahali lilipo kwa milimita. Altrasaundi haina mionzi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kwa mjamzito na mtoto. Inaonyesha vizuri figo iliyovimba, ila huyakosa mawe mengi yaliyo katikati ya ureta. Eksirei ya kawaida haiyaoni mawe ya asidi ya yuriki, kwa hiyo eksirei safi isikuaminishe kwamba huna jiwe.

Usitoke kwa daktari na neno “una jiwe” tu. Toka na majibu haya, na yaandike: jiwe lina milimita ngapi, liko wapi hasa, figo imevimba kiasi gani, na kama kuna uambukizo. Kila uamuzi unaofuata unategemea hayo manne. Omba na nakala ya picha, maana daktari atakayekuona mwezi ujao huenda akawa mwingine.

Hatua ya 4: Kama jiwe ni dogo, lisubiri kwa utaratibu

Mawe mengi madogo hutoka yenyewe. La chini ya milimita 5 lililo kwenye ureta hutoka bila msaada kwa takriban watu wawili kati ya watatu. La milimita 5 hadi 10 hutoka kwa karibu nusu yao. Lililokwisha kushuka karibu na kibofu lina nafasi nzuri kuliko lililokwama juu. Kipindi cha kusubiri kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Zaidi ya hapo, figo iliyoziba inaweza kupata madhara yasiyorudi.

Kwa jiwe la milimita 5 hadi 10 lililo sehemu ya chini ya ureta, daktari anaweza kukupa tamsulosini, kidonge kimoja cha miligramu 0.4 kwa siku, kinacholegeza misuli ya sehemu hiyo. Inaweza kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla, na kwa wanaume shahawa zinaweza kupungua au zisionekane wakati wa tendo la ndoa. Zinarudi ukiacha dawa. Kwa mawe madogo zaidi, faida yake ni ndogo.

Wakati wa kusubiri, kila mkojo upitishe kwenye chujio laini, hata kile cha chai, au kitambaa chepesi. Unachotafuta kinaweza kuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Ukikipata kikaushe, kiweke kwenye chupa safi, ukipeleke maabara. Kazi hii inachosha na watu wengi huiacha siku ya tatu, lakini bila jiwe mkononi ushauri wote wa kuzuia mengine unakuwa wa kubahatisha. Jiwe likifika kwenye kibofu, dalili hubadilika: unabanwa haja ndogo kila mara, unaungua mwishoni mwa kukojoa. Hapo umekaribia, kwa sababu njia ya mwisho ni pana kuliko ureta.

Kaa na dawa za maumivu karibu, usiku na safarini. Kama kazi yako ni kuendesha gari au kupanda juu ya majengo, pumzika mpaka jiwe litoke: maumivu yakikupata kwenye usukani hutaweza kulimudu gari.

Na hata kama hujasikia maumivu wiki nzima, rudi kupiga picha. Figo iliyoziba kwa muda mrefu huacha kulalamika, maana hupunguza kutengeneza mkojo na shinikizo hushuka. Ukimya huo umewagharimu watu figo.

Kuhusu vinywaji vya “kuyeyusha mawe”: mawe mengi, takriban manane kati ya kumi, ni ya kalsiamu, na hakuna kinywaji, mzizi wala kidonge kinachoyeyusha jiwe la kalsiamu. Yanayoyeyuka ni ya asidi ya yuriki, kwa dawa kama potasiamu sitreti zinazopunguza uchachu wa mkojo, kwa wiki nyingi au miezi, chini ya uangalizi. Mtu anayekuambia chupa yake ilimtolea jiwe huenda alikuwa na jiwe dogo ambalo lingetoka hata kwa chai.

Hatua ya 5: Kama halitoki, jua njia tatu za kulitoa

Zamani mgonjwa alipasuliwa ubavu mzima. Mambo yalibadilika mwaka 1980 huko Munich, Ujerumani, timu ya daktari Christian Chaussy ilipomvunjia mgonjwa wa kwanza jiwe kwa mawimbi yanayotoka nje ya mwili. Leo upasuaji wa wazi ni wa nadra. Njia zilizobaki hazishindani, kila moja ina jiwe lake.

Ya kwanza ni hiyo ya *mawimbi ya mshtuko*. Unalala juu ya meza, mashine inaelekezwa kwenye jiwe kwa picha, na mapigo maelfu kadhaa hulipasua kuwa chembechembe. Huchukua kama saa moja au chini yake, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mapigo yanauma, kwa hiyo utapewa dawa ya maumivu au ya kusinziza. Inafaa jiwe la chini ya sentimita 2 lililo kwenye figo, au lililo sehemu ya juu ya ureta kama halizidi sentimita 1. Haifai kwa mjamzito, kwa mwenye damu isiyoganda vizuri, wala kwa mwenye uambukizo wa mkojo usiotibiwa. Jiwe gumu sana linaweza kukataa kupasuka, na ikabidi urudie. Baadaye tarajia michubuko ubavuni, mkojo mwekundu kwa siku chache, na vipindi vya maumivu vipande vikishuka. Wakati mwingine vipande hivyo hupanga foleni ndani ya ureta na kuiziba upya, kwa hiyo zile dalili za hatari za hatua ya 1 bado zinakuhusu.

Ya pili ni *kamera kupitia njia ya mkojo*. Hakuna kisu. Ukiwa umelazwa usingizi, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye tundu la mkojo, kibofu, hadi kwenye ureta au figo, hulivunja jiwe kwa leza na kuvitoa vipande kwa kikapu kidogo cha waya. Nafasi ya kulimaliza jiwe kwa mara moja ni kubwa kuliko ya mawimbi, hasa kwa mawe ya ureta. Ningekuwa na jiwe la milimita 8 lililong'ang'ania sehemu ya chini ya ureta, hii ndiyo ningeichagua. Gharama yake kwa mwili ni mrija wa ndani ambao mara nyingi huachwa baada ya kazi. Huo una hatua yake.

Ya tatu ni *tundu la mgongoni*, kwa mawe yanayozidi sentimita 2 au yaliyotanda figo nzima kama pembe za swala. Daktari hutoboa tundu la kama sentimita 1 mgongoni, huingiza kamera hadi ndani ya figo, huponda jiwe na kulinyonya. Utalala hospitali siku 1 hadi 3, huenda na mrija unaotoa mkojo mgongoni kwa muda. Kutoka damu ni jambo la kuzingatia hapa kuliko kwenye njia zile mbili, na wagonjwa wachache huhitaji kuongezewa.

Kabla ya yoyote kati ya hizo, mkojo wako upimwe kwa kuotesha vijidudu na utibiwe kama vipo. Taja dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwemo, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe: mtu mwenye valvu bandia ya moyo akiziacha kienyeji anaweza kupata kiharusi. Kama utalazwa usingizi, chakula hukatwa saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, isipokuwa ukiambiwa vingine. Na kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa uliza mambo mawili ambayo husahaulika: nitaamka na mrija ndani? Na utatolewa tarehe gani?

Hatua ya 6: Kuishi na stenti

Hapa ndipo wagonjwa wengi hushtuka, kwa sababu waliambiwa kuhusu jiwe, si kuhusu mrija. Stenti ni mrija laini wa plastiki wenye kujikunja ncha zote mbili, ncha moja figoni na nyingine kwenye kibofu. Huizuia ureta iliyochubuka isivimbe na kujifunga, na hufungua njia figo iliyoziba. Inafanya kazi nzuri lakini inasumbua.

Ncha ya chini huchokoza kibofu. Utabanwa haja ndogo mara kwa mara, usiku utaamka, na hisia itabaki kwamba hujamaliza. Ukikojoa, mkojo hupanda kidogo kupitia mrija kurudi figoni, na utasikia mchomo ubavuni kwa sekunde kadhaa. Mkojo utakuwa wa pinki au mwekundu, na ukitembea sana au kubeba mzigo utaongezeka wekundu. Haya yote ni ya kawaida. Wengine hawasikii chochote, wengine hawafai kazini muda wote stenti ikiwa ndani.

Kinachopunguza: kojoa kabla hujabanwa, bila kujikamua. Kunywa maji ya kutosha ili mkojo ubaki mwepesi. Sasa njia iko wazi, maji hayana madhara yale ya mwanzo. Acha michezo ya kuruka na kunyanyua vizito. Mwombe daktari tamsulosini au dawa ya kutuliza kibofu, hupunguza usumbufu kwa wengi, na usione haya kumeza parasetamoli kwa saa badala ya kungoja maumivu yapande. Kama stenti yako ina uzi unaoning'inia nje, usiuvute, na uwe mwangalifu unapojifuta na katika tendo la ndoa. Piga simu hospitali ukipata homa, mabonge ya damu, mkojo kukatika, au mkojo kuvuja wenyewe bila kukoma, ambao huashiria kwamba stenti imeteleza.

Kuitoa ni rahisi. Yenye uzi huvutwa. Isiyo na uzi hutolewa kwa kamera nyembamba baada ya kupakwa jeli ya ganzi, dakika chache tu, hulazwi usingizi kwa kawaida. Saa kadhaa baadaye ureta inaweza kukaza na kukurudishia maumivu yale ya zamani. Kunywa ibuprofeni kama unaruhusiwa, mara nyingi hupita ndani ya siku moja.

Hatari kubwa ya stenti ni kusahaulika. Dalili zikizoeleka, au ukihama mji, ni rahisi kuiacha. Baada ya miezi kadhaa huota mawe juu yake, hukwama, na kuitoa huhitaji upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza. Nyingi hazitakiwi kuzidi miezi 3. Andika tarehe ya kuingizwa na ya kutolewa kwenye simu, na mpe mtu mwingine wa nyumbani tarehe hizo. Hospitali isipokupigia, piga wewe.

Hatua ya 7: Jiwe likishatoka

Takriban nusu ya waliopata jiwe moja hupata lingine ndani ya miaka 10. Sasa ndiyo siku ya maji. Lengo ni kutoa mkojo lita 2.5 kwa siku, ambayo huhitaji kunywa kama lita 3, na zaidi ukifanya kazi juani. Badala ya kuhesabu glasi, angalia rangi: mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu, hata ule wa asubuhi usiwe kahawia. Kunywa glasi moja kabla ya kulala. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Punguza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Chumvi husukuma kalsiamu kwenye mkojo. Punguza nyama. Limau na ndimu zina sitreti, inayozuia chembe kushikana. Acha vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa, kwani mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksaleti, kemikali ambayo ikiungana na kalsiamu kwenye mkojo hutengeneza mawe.

Lakini usiache maziwa. Watu husikia jiwe ni la kalsiamu, wanafuta kalsiamu mezani, na mawe yanaongezeka. Kalsiamu ya chakula huishika oksaleti ndani ya utumbo na kutoka nayo kwenye choo. Ikikosekana, oksaleti huingia kwenye damu na kuishia figoni. Kula miligramu 1000 hadi 1200 za kalsiamu kwa siku kutoka kwenye chakula, pamoja na mlo. Vyakula vyenye oksaleti nyingi, kama spinachi, karanga na kokoa, vipunguze kama maabara imesema jiwe lako ni la oksaleti. Kwa jiwe la asidi ya yuriki, kuviacha hakutakusaidia kitu.

Kama umepata mawe zaidi ya mara moja, ulipata ukiwa mtoto, au una figo moja, omba kipimo cha mkojo wa saa 24: unakusanya mkojo wote wa siku nzima kwenye chombo cha maabara, na unaonyesha ni nini hasa kimezidi au kimepungua. Kusanya siku ya kawaida ukila unavyokula siku zote, si siku uliyojitahidi kunywa maji kwa ajili ya kipimo. Rudi kupiga altrasaundi kwa tarehe utakayopewa, ukiwa na picha za zamani mkononi ili zilinganishwe.